Kwenda na Wakati kwa Nauli ya Mpiga Besi

Ukitaka hukumu ya haraka kuhusu muziki wa Dar es Salaam, kaa karibu na meza ya watu waliokwisha kushiba. Haipiti nusu saa mmoja wao atatamka kwamba bendi zimekufa, na kwamba zimejiua zenyewe. Wenzake wataitikia kwa vichwa. Mtangazaji wa redio atairudia kauli hiyo kesho yake, na keshokutwa kamati ya harusi itaitumia kupunguza bajeti.

Tuitendee haki kabla ya kuishika, kwa maana wanaoishikilia si wajinga. Wanasema hivi: wanamuziki wa dansi waling'ang'ania nyimbo za dakika kumi wakati vijana wanataka za dakika tatu. Waligombana, wakahamahama, wakalewa. Kompyuta ilipoingia waliicheka. Leo msanii mmoja mwenye flashi mfukoni anajaza uwanja, na hana haja ya kusafirisha watu kumi na wawili pamoja na maspika yao. Tena katika hao kumi na wawili, wa kwanza asiyehitajika ni mpiga besi, kwa sababu haimbi, hachezi, hapigi solo, na mchango wake hausikiki. Kama bado analipenda gitaa lake, apige kwa mapenzi, ila asitutoze fedha kwa kipaji alichopewa bure na Mungu.

Hoja imekamilika, na ina mvuto wa kila hoja inayomwondolea msemaji deni. Mimi ni deiwaka. Kwa asiyejua maisha hayo, deiwaka ni mpigaji asiye na bendi: anapigiwa simu asubuhi, anapiga usiku, analipwa usiku huohuo kama atalipwa, na kukicha hana kazi mpaka simu ilie tena. Nimepiga besi namna hiyo katika hoteli, baa, harusi na makanisa ya mji huu, na kila ninapoisikia kauli hiyo naona mambo matano yanayohitaji jibu.

1. Eti walishindwa kwenda na wakati

Naanza na hili kwa sababu ndilo linalobeba mengine yote, na ndilo linalohitaji kumbukumbu kidogo.

NUTA Jazz ilizaliwa 1964 mikononi mwa chama cha wafanyakazi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kiliunda Urafiki Jazz mwaka 1970 ili kutangaza nguo zake. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee, usafiri wa jiji ulikuwa na UDA Jazz, umoja wa vijana wa chama tawala ulikuwa na Vijana Jazz, na polisi na JKT walikuwa na zao. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya teksi na usafirishaji. Mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, na ndipo herufi za DDC zilipotangulia jina lake.

Katika mpango huo mpiga besi alikuwa mwajiriwa. Gitaa lilikuwa la mwajiri, amplifaya ya mwajiri, gari la kubebea vyombo la mwajiri, na mara nyingi hata ukumbi. Ubaya ulikuwepo, tena mkubwa: mtu aliweza kupiga miaka mingi bila kumiliki hata waya wa kuunganishia gitaa. Ukimkorofisha mwenye vyombo, unaondoka na vidole vyako tu. Lakini mwisho wa mwezi kulikuwa na kitu, na mtu mwenye kitu mwisho wa mwezi huamka akafanya mazoezi.

Ikaja miaka ya 1990. Mashirika ya umma yakapangwa mstari: hili la kurekebishwa, hili la kuuzwa, hili la kufilisiwa. Anayenunua kiwanda cha nguo hanunui mpiga tumba. Mwaka 1994 redio na televisheni za watu binafsi zikaingia Bara, ambako mpaka hapo redio ilikuwa moja tu, Radio Tanzania, iliyokuwa pia ndiyo studio ya bendi nyingi. Stesheni mpya hazikuwa na haja ya chumba cha kurekodia watu kumi na wawili. Muziki ulikuwa unawafikia umeshapikwa, kwa kanda na kwa sidii, na kuupiga hewani hakukumtaka mtu kununua hata uzi mmoja wa gitaa.

Sasa tazama tunavyogawa huruma. Fundi mitambo wa kiwanda aliyepoteza kazi miaka ile tunamwita mhanga wa ubinafsishaji, na tunaandika makala juu yake. Mpiga besi wa bendi ya mwajiri yuleyule, aliyepoteza kazi kwa sababu ileile, tunamwita mzee aliyepitwa na wakati. Mmoja alipunguzwa, mwingine ati alijipunguza.

Na hao wanaosemwa hawakujua kubadilika walibadilika mpaka basi. Bendi ya NUTA ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma, ikifuata kila badiliko la siasa ya wafanyakazi wa nchi nzima, na chini ya majina yote hayo wacheza dansi waliendelea kuijua kwa mlio wake. African Stars, ile ya Twanga Pepeta, ilipandisha marapa na wanenguaji jukwaani na kujaza kumbi. Ukiwakumbusha hayo, mahakimu wetu hugeuza kibao: ah, lakini ule haukuwa tena muziki wa dansi halisi. Kumbe kosa la kwanza lilikuwa kutobadilika na kosa la pili ni kubadilika. Sijui utetezi wa mashtaka ya namna hiyo hufanyikia mahakama ipi.

Zaidi ya hayo, anayesema nyimbo hizi zimepitwa ndiye huyohuyo ambaye saa sita usiku, tai imelegea, anamfuata mwimbaji na noti mkononi kumwomba wimbo wa Marijani Rajab. Tunampigia. Tunajua nyimbo zake zote, pamoja na ule anaoukosea jina.

2. Eti besi haisikiki

Uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi hutetemeka kiasi cha mara 41 kwa sekunde. Kispika cha simu hakifiki huko chini hata kwa ndoto. Kwa hiyo mtu anachukua "Sina Makosa" ya Les Wanyika, anaisikiliza kwenye simu iliyolazwa kifudifudi mezani, kisha anatoa ushahidi kwamba besi haina kazi. Aisikilize kwenye spika ya watu wazima. Atamkuta Tom Malanga anatembea chini ya magitaa kwa utulivu wa mtu anayejua njia, na atagundua kwamba alichokuwa akikiita utamu wa wimbo, kile kinachomfanya atikise bega kabla mwimbaji hajafungua mdomo, sehemu yake kubwa ilikuwa huko.

Katika dansi la huku mpiga besi hagongi kila pigo. Anaongea na tumba na teke la drams, anaacha nafasi, anaingia kwa kuchelewa kidogo au kwa kuwahi kidogo, na katika nafasi hizo ndimo miguu ya mchezaji inamotua. Wimbo ukifika kwenye chemko na magitaa yakaanza kukimbizana juu, yupo mmoja tu anayewaambia wacheza dansi ardhi iko wapi. Akikosea mpiga solo, watu husema leo kachoka. Akikosea mpiga besi, hawasemi lolote, wanarudi kuketi. Mwenye baa ndiye anayeliona hilo kwanza.

Kejeli yenyewe ni kwamba mji huu unaodai besi haisikiki ndio mji wa sabufa. Pita Kariakoo uone zilivyopangwa madukani. Kijana anaanza maisha kwenye chumba kimoja, godoro liko chini, jiko la mchina liko pembeni, na sabufa iko mahali pa heshima. Amapiano ilipotoka Afrika Kusini ikatuteka kwa nini, kama si kwa ule mngurumo wa chini? Watu wanaipenda besi na wako tayari kuilipia. Wanayemlipa ni mwenye duka.

Tusidanganyane basi kuhusu kinanda. Bendi ya hotelini inapopunguzwa kutoka watu saba hadi watatu, besi haiondoki: inahamia mkono wa kushoto wa mpiga kinanda, au inaingizwa kwenye mashine kabla ya onyesho. Mpiga kinanda sasa ana kazi ya watu wawili kwa ujira wa mmoja na kidogo. Tofauti iliyobaki haikwenda kwa msikilizaji, maana bia haikushuka bei. Ilikwenda ofisini. Huo ndio wakati tunaoambiwa tuende nao.

3. Eti ni kipaji, na anapenda mwenyewe

Hoja hii hutolewa kwa upole, na mara nyingi hutolewa na mtu anayekutaka utabasamu.

Tuhesabu usiku mmoja. Simu inalia saa nne asubuhi: mpiga besi wa bendi fulani anaumwa, waweza kuja? Unauliza ufunguo wa nyimbo, unatumiwa orodha. Ndani yake kuna rumba, reggae, zouk, zilipendwa za Nairobi na za hapa, Bongo Fleva mbili za wiki hii, na wimbo wa kuingilia maharusi ambao bibi harusi ameuchagua kutoka kanisani kwao. Mchana wote unazisikiliza nyimbo hizo. Saa kumi unatakiwa ukumbini kufunga vyombo, ingawa sherehe itaanza saa mbili, maana wapambaji wakishaweka vitambaa hawataki mtu apite na spika. Unakaa. Chakula kinapita, si chako. Unapiga mpaka saa nane usiku. Kisha unasubiri.

Kusubiri ndiyo sehemu ngumu kuliko kupiga. Mpambaji alishalipwa sehemu kubwa wiki iliyopita, na asingelipwa asingetundika hata ua. Mpishi alipewa fedha za soko. MC ana malipo ya awali. Mpiga picha anashikilia picha, kwa hiyo hana wasiwasi. Bendi ndiyo iliyoambiwa "tutamalizana hukohuko." Katika harusi moja niliyopiga, hukohuko hapakuwa na mtu: mweka hazina wa kamati alikuwa ameondoka na gari la maharusi na simu yake imezimwa. Tulifunga vyombo huku walinzi wakizima taa.

Saa tisa usiku hakuna daladala. Kuna bodaboda, na bodaboda wa saa tisa akiona gitaa mgongoni anajua huna njia nyingine. Seti mpya ya nyuzi za besi ni ghali kiasi kwamba wengi wetu tunachemsha za zamani kwenye sufuria ili zitoe jasho na uchafu, zirudishe mlio kwa maonyesho machache. Kila anayeishi na mpiga besi anajua ile harufu jikoni. Nauli, nyuzi, betri, nguo nyeusi zilizopigwa pasi kwa sababu kamati imetaka rangi moja, vyote vimetoka mfukoni mwa huyo mwenye kipaji cha bure.

Wakikosa fedha wanakupa jina. "Njoo tu, utajulikana." Jina lipi? Kwenye kutambulisha bendi MC anamtaja mwimbaji, anamtaja mpiga solo mara mbili, anawashukuru wafanyakazi wa ukumbi, kisha muziki unaanza. Nimepiga na watu walioniita "kaka wa besi" mwaka mzima, na si kwa heshima.

Makanisani jina linaitwa baraka. Nasema hili kwa tahadhari, maana kanisa limefanya jambo ambalo hakuna wizara iliyolifanya: wapigaji vijana wengi unaowaona hotelini walijifunza gitaa kwaya ilipokuwa ikifanya mazoezi. Lakini angalia hesabu yake. Fundi umeme aliyefunga mitambo ya sauti ya kanisa hilohilo analipwa kwa risiti. Aliyetengeneza viti analipwa. Anayepiga ibada tatu za Jumapili pamoja na mazoezi ya katikati ya wiki anaambiwa malipo yake yako mbinguni, na mwenye nyumba wake hakubali hawala kutoka huko.

Kuhusu kupenda, ndiyo, tunapenda. Mwenye ukumbi naye anapenda biashara yake, tena sana, na hakuna aliyewahi kumwambia kwa sababu hiyo atoe ukumbi bure. Haweki bendi kwa mapenzi ya sanaa. Anaiweka kwa sababu Ijumaa yenye bendi meza hazibanduki mapema.

4. Eti ni wahuni wanaohamahama

Hili halihitaji kurasa nyingi. Mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye vyombo vya Safari Sound, aliwachukua Muhidin Maalim Gurumo, Hassan Bichuka na Abel Balthazar, pamoja na wengine, kutoka Mlimani Park. Mji ukatikisika. Watu wanazungumzia usaliti mpaka leo. Mchezaji wa mpira akitoka Simba kwenda Yanga tunaita usajili, tunapiga picha akisaini, tunakisia dau lake kwa hamu, na gazeti linauza. Mwanamuziki aliyefuata maslahi bora tunasema hana msimamo.

Deiwaka ndiye mtoto wa mwisho wa tabia hiyo, na hapo ndipo lawama inapojikanyaga. Tumevunja bendi za kudumu, tumeondoa mishahara, tumemfanya kila mpigaji kuwa kibarua wa usiku mmoja, kisha tunashangaa kwamba wapigaji hawatulii. Kuhusu ulevi, walevi wapo. Wapo pia kwenye meza ya mbele, na hao tunawaita wageni waalikwa.

5. Eti mirabaha itawaokoa

Hii ni hoja ya marafiki, na inaniudhi kuliko ya maadui. Wanasema tatizo letu litaisha siku hakimiliki itakaposimamiwa sawasawa. Sheria ipo tangu 1999, chombo chake kipo, stesheni zitozwe, fedha zigawiwe, na mpiga besi atastaafu kwa heshima.

Zitozwe, sawa. Lakini tazama wimbo wa dansi unavyotengenezwa. Mtunzi anakuja mazoezini na maneno na sauti ya kuimba. Hana karatasi ya nota. Mpiga ridhim anatafuta njia yake, solo anatafuta yake, na besi inatafuta yake, mpaka kitu kinakaa. Asubuhi ile ya mazoezi ndipo nusu ya wimbo ilipozaliwa, na kwenye kumbukumbu hautaandikwa ila kwa jina la mtunzi na la bendi. "Sina Makosa" ilitungwa na Omar Shabani, na hilo ni haki yake. Njia ya besi unayoimba kwa mdomo ukiwa bafuni haina mstari wake kwenye fomu.

Sheria inawatambua wapigaji wa wimbo uliorekodiwa, nakubali. Deiwaka hakurekodi kitu. Anapiga wimbo wa mtu mwingine, mbele ya watu, usiku mmoja, na ukiisha umekwisha. Hata kila shilingi ya kila redio ikikusanywa bila wizi, hakuna senti itakayomfikia kwa usiku ule. Kinachomfikia ni malipo ya ukumbini tu, yaleyale ambayo marafiki zetu hawayazungumzii kwa sababu wao ndio wangeyatoa. Ni rahisi kudai haki kutoka kwa stesheni ya redio kuliko kutoka kwa kamati ambayo wewe ni katibu wake.

Wapo wapigaji wa hapa waliokwenda Uarabuni kupiga hotelini, Dubai au Muscat, vidole vilevile, nyimbo zilezile. Kule wanasaini karatasi yenye tarehe, saa za kazi na kiasi. Hawakwenda na wakati mwingine wowote ule. Walikwenda mahali ambapo mwajiri anajulikana kwa jina.

Huku nyumbani karatasi kama hiyo haikatazwi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inautambua mkataba wa kazi maalumu, na usiku mmoja wa harusi ni kazi maalumu kuliko nyingi. Ukurasa mmoja unatosha: saa ya kufika, saa ya kumaliza, kiasi, nusu yake kabla ya siku ya sherehe na nusu kabla ya wimbo wa kwanza, usafiri wa kurudi, sahani ya chakula, na majina ya wapigaji wote ambayo MC atayasoma.

Mwenyekiti wa kamati, kama bajeti haifiki hapo, chukueni flashi. Ni chaguo halali na hatutanuna. Tusichokubali ni kuambiwa tumeshindwa na wakati, halafu kwenye simu hiyohiyo kuulizwa kama Jumamosi tuna nafasi.